Kibarua wa Miaka Mitatu: Hatua za Kudai Kutambuliwa kama Mwajiriwa

Wasomaji wengi huniuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mama anafungasha biskuti kiwandani tangu mwaka juzi, analipwa kila Jumamosi, na hajawahi kushika karatasi yoyote. Kijana anapakia mizigo ghalani, na kila baada ya miezi mitatu anasainishwa mkataba mpya kama vile ndiyo kwanza amefika. Mlinzi anaambiwa yeye si wa kampuni hii, ni wa wakala. Dereva wa bodaboda anapata abiria kupitia programu ya simu na anaitwa mshirika. Wote wanataka kujua kama ni waajiriwa au la, na kama ni waajiriwa, waanzie wapi.

Kwa wengi wenu jibu ni ndiyo. Sheria iliyopo inawatambua kuliko mnavyodhani, ila inamsaidia aliyeweka kumbukumbu na aliyewahi tarehe. Palipo na upungufu ndani ya sheria yenyewe, ipo njia ya kudai ibadilishwe. Nitaanza na lile mnaloweza kulifanya leo, kisha nije kwenye madai ya mabadiliko.

Kabla ya hapo, maangalizo mawili. Ninachoeleza ni cha Tanzania Bara; Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya 2005, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asibebe namba za vifungu kutoka hapa. Pili, namba ninazotaja ni za sheria kama zilivyotungwa mwaka 2004. Sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025, hivyo ukifika kwa Afisa Kazi mwombe akuoneshe kifungu kilivyo sasa.

Jipime kwa vigezo saba

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali sura ya mkataba, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo hata jambo moja kati ya haya:

- Namna unavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine.
- Saa zako za kazi zinapangwa na mtu mwingine.
- Kama unafanyia kazi taasisi, wewe ni sehemu ya taasisi hiyo.
- Umemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi, katika miezi mitatu iliyopita.
- Unamtegemea kiuchumi.
- Yeye ndiye anayekupa vifaa vya kazi.
- Unamfanyia kazi yeye peke yake.

Rudia kusoma maneno "hata jambo moja". Wengi hudhani lazima yatimie yote saba. Halafu tazama hizo saa 45: ni siku tano tu za saa tisa kwa mwezi mzima. Mama wa biskuti anayeingia siku sita kwa wiki amevuka kiwango hicho kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Maneno "mpaka ithibitishwe vinginevyo" nayo yana uzito. Mwajiri anaruhusiwa kuleta ushahidi kwamba wewe ni mtu unayejitegemea. Fundi seremala mwenye vifaa vyake, anayepanga bei, mwenye wateja kumi, na anayeweza kumtuma kijana wake badala yake, huyo anaendesha biashara yake. Kama hiyo ndiyo hali yako, dai malipo yako kwa njia ya makubaliano ya biashara. Usipoteze muda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Mashaka yenu, moja baada ya jingine

*"Nilisaini karatasi inayosema mimi si mwajiriwa."* Karatasi hiyo haifuti hali halisi, ndiyo maana sheria inasema "bila kujali sura ya mkataba". Shirika la Kazi Duniani lilishauri jambo hilohilo katika Pendekezo lake Na. 198 la mwaka 2006, miaka miwili baada ya sisi kuliandika kwenye sheria yetu. Itunze karatasi hiyo, usiichane kwa hasira. Mara nyingi ndani yake mna saa za kuingia, adhabu ya kuchelewa na sare ya kuvaa, yaani mambo yanayoonesha kwamba unaongozwa.

*"Sina mkataba wa maandishi kabisa."* Wajibu wa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wa mwajiri. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka ataje kazi yako, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa na ujira. Akishindwa kuyatoa mbele ya Tume au mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti mnalobishania unakuwa wake. Wasiohusika na kifungu hiki ni wanaofanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri huyo.

*"Nalipwa kwa idadi, siyo kwa siku."* Kulipwa kwa gunia au kwa kilo za majani ya chai ni namna ya kukokotoa ujira tu. Angalia nani anakupangia saa, shamba ni la nani, na nani anakagua kazi.

*"Mikataba yangu ni ya miezi mitatu mitatu."* Hapa watu wengi hukata tamaa mapema. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali huanza ukifikisha miezi sita kwa mwajiri mmoja, lakini kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinaongeza maneno muhimu: iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Mikataba mitatu ya miezi mitatu inajumlishwa. Kwa likizo ya malipo vilevile, aliyefanya kazi vipindi vifupi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule ana haki ikiwa jumla imezidi miezi sita katika mwaka huo. Kwa hiyo tunza kila mkataba, hata uliokwisha muda.

*"Nikijitambulisha atanifukuza."* Hofu hii ni ya kweli na sitaidharau. Sheria inasema kutumia haki yako au kujiunga na chama cha wafanyakazi si sababu halali ya kukuachisha. Lakini aliye chini ya miezi sita hana ngao kamili, na hata mwenye ngao atakaa bila mshahara akisubiri shauri lake. Ushauri wangu ni huu: kusanya kumbukumbu kimya kimya kwanza, jiunge na chama, na mwende kuzungumza mkiwa wengi.

Daftari: kazi ya dakika tano kila jioni

Ningekuwa na nafasi ya kutoa ushauri mmoja tu, ningetoa huu. Nunua daftari dogo. Kila jioni andika mstari mmoja, kwa mfano:

*Jumatatu 3 Machi 2025. Kuingia saa 1:30 asubuhi, kutoka saa 11:30 jioni. Idara ya kufungasha, mashine ya pili. Supavaiza wa zamu: (jina). Tulikuwa kumi na wanne. Sh. 12,000, zitalipwa Jumamosi kwa simu.*

Mstari huo peke yake umegusa vigezo vinne: saa, uongozi, vifaa, na kuwa sehemu ya taasisi. Ukiuandika siku hiyohiyo una nguvu. Daftari lililojazwa siku tatu kabla ya shauri, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiobadilika, linajionesha lenyewe, na msuluhishi ameshaona mengi ya namna hiyo. Siku ambayo hukuenda kazini nayo iandike hivyo. Uaminifu wa daftari hutokana na siku za namna hiyo pia.

Pamoja na daftari, weka:

- Meseji za malipo ya simu. Usizifute. Ukibadilisha simu au laini, omba kwanza taarifa ya miamala kutoka kwa mtandao wako.
- Meseji za kundi la WhatsApp la kazini ambako zamu hupangwa. Piga picha ya skrini inayoonesha tarehe na namba ya aliyetuma.
- Kitambulisho cha getini, sare, hata risiti ya buti ulizokatwa kwenye ujira.
- Majina ya wenzako watatu au wanne wanaoweza kusema uliwahi kufanya nao kazi. Chukua namba zao wakati mngali pamoja. Wakitawanyika ni kazi kubwa kuwapata.
- Jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa. Liko kwenye risiti za mashine, mabango ya leseni ukutani au nyaraka za mizigo.

Hilo la mwisho linawagharimu watu kuliko wanavyojua. Nembo iliyopakwa kwenye lori si lazima iwe jina la kampuni, na ukimshtaki asiyekuwepo kisheria shauri linaweza kutupwa bila kusikilizwa. Kama umeletwa na wakala, andika majina ya wote wawili: wakala aliyekulipa na kampuni iliyokuongoza kila siku.

Unachostahili hata kama unaitwa kibarua

Ukishatambuliwa kuwa mwajiriwa, mambo yafuatayo yanafuata bila kuombwa kama hisani:

- Ujira usiopungua kima cha chini cha sekta yako. Amri ya kima cha chini hutaja viwango kwa saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi, kwa hiyo anayelipwa kwa siku naye anahusika.
- Saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu.
- Likizo ya siku 28 kwa mzunguko wa mwaka.
- Notisi. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki anastahili siku 4 zisizopungua baada ya mwezi wa kwanza. Wa mwezi, siku 28.
- Kiinua mgongo cha siku 7 za ujira kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, kwa aliyetimiza miezi 12 mfululizo na kuachishwa bila kosa la kinidhamu. Kibarua wa Sh. 12,000 kwa siku aliyemaliza miaka mitatu anazungumzia Sh. 252,000 kwa kipengele hiki peke yake.
- Mchango wa hifadhi ya jamii NSSF, ambao jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara. Wewe hukatwi zaidi ya nusu.
- Fidia ukiumia kazini kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa mfuko huu ni wa mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa senti moja kwa ajili yake, hilo ni kosa.

Nenda NSSF mwenyewe ukaulize michango yako. Wapo wanaokatwa kila wiki huku akaunti zao hazina kitu, na wanakuja kujua siku wameugua.

Ukiachishwa: tarehe kwanza, hasira baadaye

Mashauri mengi mazuri hufia kwenye kalenda. Mgogoro wa uhalali wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama malimbikizo ya ujira, ndani ya siku 60. Bosi anayekwambia "njoo wiki ijayo tuzungumze" mara nne mfululizo tayari amekula siku 28.

1. Andika tarehe uliyoambiwa usirudi, nani alisema, na maneno aliyotumia. Kama ulizuiwa getini, mlinzi wa zamu ni shahidi.
2. Nenda kwa Afisa Kazi wa eneo lako ukiwa na daftari. Ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua kumbukumbu na kutoa amri ya utekelezaji. Lakini kumwona yeye hakusimamishi zile siku 30.
3. Jaza fomu CMA F1 kwenye ofisi ya Tume iliyo karibu na mahali mgogoro ulipotokea. Mpatie mwajiri nakala, na uwe na uthibitisho kwamba ameipokea.
4. Kwenye usuluhishi unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi au wakili.
5. Usuluhishi ukishindikana, shauri linaendelea kwenye uamuzi, na Tume ina mwamuzi wake. Usiondoke ofisini siku hiyo bila kuuliza hatua inayofuata na tarehe yake.

Umechelewa? Unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima utoe sababu yenye uthibitisho. Cheti cha hospitali kinaeleweka. "Sikujua sheria" mara nyingi haitoshi.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara kwenye fomu:

- Kuweka alama kwenye kila kisanduku kwa matumaini kwamba kimojawapo kitafaulu. Aliye chini ya miezi sita akidai kuachishwa isivyo halali anajiangusha. Yeye adai uvunjaji wa mkataba na ujira wake.
- Kujaza sehemu B, ambayo ni ya kuachishwa kazi tu, wakati dai ni la mshahara ambao haujalipwa.
- Kuandika kiasi cha fedha bila hesabu. Onesha: siku ngapi, mara ujira gani.
- Kuandika tarehe ya mgogoro inayopishana na ile iliyo kwenye maelezo yako.
- Kupokea "mkono wa kwaheri" na kusaini kwamba huna dai tena, bila kusoma. Kama huna budi kupokea, andika kwa mkono: *nimepokea sehemu ya stahiki zangu*.

Sheria inavuja wapi, na tudai nini

Haya yote yanamwachia mnyonge mzigo mkubwa. Kibarua wa miaka mitatu anapaswa kwanza kufukuzwa, kisha akimbizane na siku 30, ndipo aambiwe alikuwa mwajiriwa tangu zamani. Naona hili si sawa, na nina sababu tatu za kusema linarekebishika.

Ya kwanza iko jirani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi kwa siku zinazofuatana ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unabadilika na kuhesabiwa wa mwezi. Sikatai kwamba wako waajiri huko wanaokwepa kwa kuwapumzisha watu wiki moja na kuwarudisha. Lakini kanuni inajulikana, na mfanyakazi anaweza kuihesabu kwa vidole. Sisi tunahitaji kifungu kama hicho, tena kinachosema waziwazi mapumziko ya muda gani hayakati hesabu.

Ya pili imelala ndani ya sheria yetu wenyewe, na nasikitika kwamba wachache wanaitaja. Kifungu cha 98(3) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinampa Waziri mwenye dhamana ya kazi uwezo wa kutangaza kwenye Gazeti la Serikali, baada ya kushauriana na baraza la kisheria la masuala ya kazi, uchumi na jamii, kwamba kundi fulani la watu ni waajiriwa. Tangazo hilo halihitaji kusubiri muswada. Madereva wa programu za simu, wachuma chai wa msimu, wapakiaji wa maghala: kila kundi linaweza kuombewa tangazo lake.

Kwa madereva nina neno la ziada. Nchini Uingereza madereva wa Uber walifungua shauri mwaka 2015, na Mahakama ya Juu ikatoa hukumu tarehe 19 Februari 2021. Mahakama ilitazama nani anapanga nauli na nani anadhibiti dereva akiwa kazini, na ikaona wanastahili kima cha chini na likizo ya malipo, ingawa si waajiriwa kamili kwa sheria ya huko. Ni ushindi, lakini miaka mitano ni mingi kwa mtu mwenye marejesho ya pikipiki kila siku. Ndiyo maana napendelea tangazo la Waziri kuliko kesi ya mtu mmoja mmoja.

Ya tatu ni ndogo na rahisi: kila kibarua apewe stakabadhi ya siku, kwa karatasi au kwa meseji, inayotaja jina la kampuni, saa na ujira. Mwajiri mwaminifu haimgharimu kitu.

Mtaambiwa kwamba masharti haya yatawafanya waajiri wapunguze watu. Mwulizeni anayesema hivyo: mashine ya biskuti itafungasha yenyewe? Penye kazi ya kila siku mwaka mzima, mtu anahitajika. Kinachobishaniwa ni nani abebe gharama ya ugonjwa wake, likizo yake na uzee wake. Kwa mwajiri mdogo mwenye wasaidizi wawili naelewa ugumu, na kwake ningekubali muda mrefu zaidi wa kujipanga.

Namna ya kupeleka dai

Barua ya mtu mmoja huishia masjala. Fanyeni hivi:

1. Jiungeni na chama cha sekta yenu: TUICO kwa viwanda na biashara, TPAWU kwa mashamba, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, TAMICO kwa migodi na ujenzi. Ulizeni kama kina mkataba wa hali bora mahali penu, na kama vibarua wameachwa nje yake.
2. Chagueni kundi moja na mlitaje kwa usahihi. "Vibarua wote" ni pana mno. "Wapakiaji wa maghala ya nafaka wanaolipwa kwa gunia" linaeleweka.
3. Chukueni vigezo saba, na chini ya kila kimoja andikeni mnachokiishi: saa, zamu, adhabu, vifaa. Ambatanisheni kurasa za madaftari yenu.
4. Semeni mnaomba nini hasa: tangazo chini ya kifungu cha 98(3), au kifungu kipya cha kubadilisha mkataba wa kibarua baada ya muda maalumu. Msichanganye maombi kumi.
5. Pelekeni kupitia chama chenu hadi TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kwa sababu wafanyakazi wana wawakilishi ndani ya lile baraza la ushauri. Nakala mpeni mbunge wenu na Kamishna wa Kazi.
6. Majina yasainiwe na walio tayari tu. Aliye na hofu aandike kazi yake na miaka yake bila jina.

Kila mahali mtakapofikisha barua hiyo, ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na wawili kati yenu wabaki nayo, kila mmoja nyumbani kwake.